Funo na Wawindaji wa Ulaya

Walikuwapo Kulungu, Korongo, ndege aliyerudi kutoka Ulaya, na Funo, ambaye wengi hukosea wakamwita Paa.

"Kule mwindaji hukaa kimya juu ya mti," alisema Korongo. "Ndugu zenu wa kule hufa kwa kutotazama juu."

"Hapa kwetu hutega kamba njiani," alisema Kulungu. "Tazama chini, mdogo wangu."

"Hayo ni ya kizamani, kaka," alisema Funo. "Au unaona wivu kwa kuwa hukusafiri?"

"Nawe umesafiri lini?"

"Mimi nimesikia!"

Funo akashika njia, shingo juu, akikagua kila tawi. Hakuona mwindaji hata mmoja mitini, akazidi kujisifu.

Adhuhuri Korongo alimletea Kulungu habari kwamba Funo amekufa mtegoni.