Swali la Tisa

Maji yalichuruzika kwenye beseni gizani, kidogo, kisha yakakoma. Vaisinia alikuwa akikamua shuka. Aliikamua taratibu asije akamwamsha Manusiu, bintiye wa miaka mitano, akatoka kuianika kabla majirani hawajafungua madirisha.

Jasho lilimtoka viganjani, miguuni na mgongoni, kuwe na joto kusiwe na joto. Juzi, kwenye nyumba ya kusukia mikeka, bibi Seini alimwambia mbele ya wote, "Wewe kaa kule mwisho. Sisi tunasuka, hatufui." Wakacheka. Naye akacheka, akahamia mwisho.

Kulipokucha akaja Sitaleki na karatasi. Nesi wa zahanati alikuwa amejifungua, kwa hiyo wakamtuma yeye. Ni mtoto wa mjomba wake Vaisinia, na kwetu Tonga huyo ni kaka hasa, wa kuheshimiana. Akaketi mkekani karibu na mlango, chini ya kofia ya Feleti, mumewe Vaisinia, iliyotundikwa msumarini.

"Shemeji hajambo?"

"Hajambo. Yuko shamba, viazi vikuu havimpi nafasi."

"Haya, dada, sikiliza. Jumatatu madaktari wanakuja na sindano za kukausha jasho. Wanachukua wa kuanzia alama kumi tu, hawarudi tena mwaka huu. Maswali kumi: sana mno ni alama tatu, sana mbili, kidogo moja. Usitie chumvi."

"Na wewe usipunguze."

Akaanza kusoma. Ngozi inauma? Hapana. Unaona aibu? Sana mno. Jasho linakuchagulia nguo za kuvaa? Sana. Sokoni, dukani? Kidogo. Linakuzuia kazi?

"Kamuulize bibi Seini."

Sitaleki akacheka, akaandika tatu. Mengine yalikuwa ya michezo, masomo na marafiki, na yote yakapata sifuri. Michezo gani, marafiki gani.

Swali la tisa Sitaleki alilisoma kimya. Shingo ikamwiva. Mlikuwa na neno mume mle, na neno jingine ambalo kaka halitamki mbele ya dada yake hata nyumba ikiwaka moto. Akakohoa. Akatazama nguruwe wa jirani kwa muda mrefu kuliko nguruwe anavyostahili kutazamwa.

"Hili halikuhusu," akasema.

Vaisinia alikuwa ameinamisha macho.

"Eeh, kaka. Halinihusu."

Akaandika sifuri. Mwishoni akajumlisha, akajumlisha tena kwa vidole.

"Tisa, dada. Karatasi inasema unaishi vizuri kiasi."

"Basi naishi vizuri."

"Ningekuongezea moja. Ila Jumapili zamu yangu ya kuhubiri."

"Najua. Nenda, wengine wanakungoja."

Alimsindikiza hadi barabarani, akasimama akipunga mkono mpaka gari lake likapinda kwenye kona ya kanisa. Akaufuta mkono kwenye gauni. Ukalowa tena. Akaufuta tena.

Manusiu akaja nyuma yake, mdomo umejaa muhogo, akatafuna mpaka ukaisha.

"Mama, baba alisema atarudi kulala kwetu jasho lako likikauka."