Mgao wa Alhamisi

Kila Alhamisi, baada ya chai, wanachama wa klabu ya kusaidiana pale Voi walivaa bangili zao za kuhamisha hisia na kugawana uchungu wa mwenzao. Juma hili walimpokea Mkanjala, aliyefiwa na mumewe.

"Mimi mnipe kidogo," Mwadime alitania. "Bado nina kifuani talaka ya Mghoi mliyonigawia juma lililopita!"

Walicheka, kisha wakaubeba uchungu wake wote, bila kumwachia hata chembe. Mkanjala alirudi nyumbani mwepesi, akiwashukuru mmoja mmoja moyoni, akapika kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Wakiwa mezani, bintiye akaangua kilio. "Mama, namtaka baba."

Mkanjala alimkumbatia, akajikamua apate hata chozi moja, akakosa. Akampigia Mwadime simu.

"Shemeji, njoo tafadhali. Mtoto anahitaji mtu wa kulia naye."