Jina la Ishirini na Tatu

Mwalimu Kissa alijua jina linalofuata, na kalamu ikaanza kumteleza mkononi kwa jasho.

Mkaguzi alikuwa akiita majina kutoka kwenye daftari la mahudhurio, huku akimkazia macho kila aliyeitikia. Shule yenye watoro ilisemwa vibaya wilayani, kwa hiyo muhula mzima Mwalimu Kissa alimpigia vema kila asubuhi mtoto mmoja ambaye hakuwepo.

"Sikitu Mwaseba!"

Darasa zima likamgeukia mwalimu.

"Sikitu Mwaseba!"

"Nipo!"

Sauti ilitoka nje. Kwenye dirisha lisilo na kioo alisimama binti wa miaka kumi na miwili hivi, beseni la karanga kichwani. Alikuwa anapita zake kutembeza biashara, akasikia anaitwa.

Mkaguzi alipitisha kidole kwenye mstari wa vema. "Hongera, binti. Hujakosa shule hata siku moja."

Sikitu akamtazama Mwalimu Kissa. "Mimi, mwalimu?"

Mwalimu akaiweka kalamu mezani.

"Basi njoo ubaoni," mkaguzi alisema, akimnyooshea chaki. "Tuone umejifunza nini."

Sikitu aliitazama ile chaki kwa hamu. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika beseni.

"Mwalimu, nipokee."

Mwalimu Kissa akapitisha mikono dirishani, akalipokea. Karanga zilikuwa zimetoka jikoni muda huo huo. Beseni lilimchoma viganja, lakini mbele ya darasa lile hakuthubutu kulitua.