Kumtazamia Baba Sinema

Wewe umewahi kumtazamia mtu sinema? Saumu alimtazamia baba yake, Mzee Makame, aliyekuwa ametoka kupasuliwa macho na bado amefungwa bendeji. Sinema ilikuwa ya Kifaransa, na Saumu alimtafsiria huku akimmenyea chungwa, ganda likishuka refu bila kukatika.

"Huyo msichana anasemaje, mama?"

Msichana alikuwa akiomba mwavuli tu. Lakini Saumu akasema: "Anamwambia baba yake chuo anakitaka, ila uuguzi hautaki. Anataka kusomea Kifaransa, vitabu vyake na sinema zake."

Mzee akatafuna polepole. "Mfaransa mzima aende chuo kujifunza Kifaransa? Si sawa na mimi nikajifunze kula ugali!"

Ganda likakatika.

"Na baba mtu kamjibuje?"

"Bado hajajibu."

Mzee akapapasa mpaka akaupata mkono wa bintiye, uliokuwa ukinata maji ya chungwa. "Izime hiyo, mama. Sasa niambie wewe."

Saumu akaizima.

"Baba," alisema Saumu, "nataka kusoma Kifaransa."