Tiki za Bluu

Kila adhuhuri Bi Hidaya alizima data ndipo akafungua ujumbe wa mdogo wake, ili tiki zisigeuke bluu na Kibibi asijue kwamba umesomwa. Miezi mitatu hawasemeshani, tangu Kibibi achague sare ya harusi ya binamu yao bila kumuuliza.

"Mkate wangu wa mchele umegoma kuumuka," Kibibi aliandika leo. "Umenuna kama dada yangu. Nikiuleta mtapatana."

Bi Hidaya alicheka hadi kanga ikamdondoka. Halafu moyo ukamsuta: kufaidi maneno ya mtu kila siku, na salamu tu humpi! Akawasha data, akaiweka simu chini.

Punde si punde, "Hodi!" Kibibi alisimama mlangoni na sahani.

"Nani kakuita?"

"Wewe, dada." Akamwonyesha simu yake. Jumbe za miezi mitatu, zote zina tiki za bluu. "Ukiwasha data tu, zinageuka."

"Siku zote ulijua?"

"Kwani ningekuwa namwandikia nani?"

Bi Hidaya akajifunika kanga uso mzima. Kanga ikaanza kutikisika, na chini yake ukachomoza mkono, ukipapasa kutafuta sahani.