Ufa wa Chini ya Mlango

Mwanamke ambaye fundi hakumjua aliingia mbio katika nyumba mpya aliyokuwa akiimalizia, damu ikimchuruzika sikioni.

"Kaka, nifiche! Mume wangu anakuja. Akiniita tu, huwa natoka."

"Ingia chumba hiki, dada. Nimekitengeneza kelele za barabarani zisiingie. Hutamsikia, nakuahidi."

Fundi alipofunga mlango, akakumbuka kwamba ufa wa chini alikuwa bado hajaupigilia mpira wa kuzuia sauti.

Mume aliingia na nondo. "Tangu lini umekuwa shemeji yangu, fundi?"

Fundi alipiga magoti, akaanza kusokomeza vipande vya sponji vilivyobaki kwenye ufa. Nondo ikamvunja mkono wa kulia, mfupa ukalia kama ubao mkavu.

Mume akavuta pumzi ili aite.

Fundi akasukuma kipande cha mwisho kwa mkono wa kushoto.