Mashine ya Juu ya Paa

Simu ilisema hewa ya mtaa ni safi kama ya mlimani. Belma aliinua macho akatazama dirishani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na jengo refu kama lao, na moshi ulikuwa umelimeza lote, hata taa za jikoni hazikuonekana.

"Wanatuchezea hawa," alisema.

"Kunywa kahawa kwanza, isipoe," alijibu bibi yake, Rusmira. Alikuwa ameketi wima kitandani, mto mgongoni. Tangu baridi ianze hakuweza kulala chali, kifua kilikataa. Alichukua rimoti, ambayo ilikuwa ndani ya nailoni tangu siku iliponunuliwa, akapunguza sauti ya televisheni. "Nani anakuchezea, roho yangu?"

"Manispaa, Bibi. Nani mwingine?"

Belma alikuwa ameipigania tangu akiwa chuoni mashine ya kupima hewa iliyotuma vipimo hivyo kwenye simu. Alikusanya saini kwenye theluji, akasimama na bango mbele ya manispaa mpaka walinzi wakaanza kumletea chai. Mwishowe baraza la jiji lilikubali. Mashine ingefungwa juu ya paa la jengo lao, mahali unapoangukia moshi wa mtambo wa makaa unaopasha joto nyumba za mji. Ikionyesha kwamba hewa ni mbaya, mtambo utawekewa chujio. Ikionyesha kwamba ni nzuri, fedha za chujio zitajenga chemchemi ya marumaru katikati ya mji. Naibu meya, Senad Kulović, alinyoosha mkono wa ndiyo huku akitabasamu, na tabasamu lile halikumtoka Belma akilini.

Siku mafundi walipokuja kuifunga, Bibi aliwapelekea kahawa juu. Alirudi amefurahi.

"Nzuri, nyeupe kama yai," alisema. "Sijui itabaki nyeupe mpaka lini, hapa kwetu."

Belma alicheka. Lakini yeye mwenyewe hakupanda kwenda kuiona. Alijiapiza asiisogelee kabisa, ili Kulović asije akapata la kusema. Hata nguo aliacha Bibi akazianike huko juu. Walikaa ghorofa ya mwisho, ngazi zilikuwa chache, na Bibi alisema zinamnyoosha miguu.

Majira ya baridi yakaja na moshi wake. Watoto wa jirani walikohoa usiku kucha, shuka zilianuliwa zikiwa na madoa, na simu ya Belma ikaendelea kusema hewa ni safi. Gazeti la mji liliandika kwamba mtaa wao una hewa nzuri kuliko mitaa yote. Kwenye duka la mkate watu walianza kumtania.

"Belma, nifungie hewa kidogo, nimpelekee dada yangu Vienna," alisema muuza mkate.

Yeye hakucheka. Jana yake alikuwa amemshika Bibi mabega mpaka pumzi ikarudi.

Siku ya baraza kupiga kura juu ya chemchemi, Belma aliomba nafasi ya kusema. Ukumbi ulijaa.

"Kuna mtu ameiharibu mashine ile," alisema. "Nataka tupande juu sasa hivi, wote, na mwandishi wa habari aje. Ikiwa haijaguswa, nitawaomba radhi hapa hapa na chemchemi yenu mjenge."

"Na ikiwa imeguswa, binti yangu?" Kulović aliuliza, bado na tabasamu lake.

"Aliyeigusa ashtakiwe. Na jina lake lisomwe humu ukumbini, watu wote wasikie. Hata awe nani."

"Hata awe nani," alirudia Kulović. Alimgeukia katibu. "Andika hivyo hivyo, bwana. Tupige kura."

Mikono yote ikapanda. Hakuna aliyepinga, na kwa mara ya kwanza Belma aliona tabasamu la naibu meya likipungua. Njia nzima aliwaza chujio, na Bibi akilala chali tena kama watu.

Lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo walipanda kwa miguu, madiwani wakihema, mwandishi wa habari na kamera yake nyuma. Mlango wa nyumba ya Belma na Bibi ulikuwa wazi. Juu ya paa shuka zilikuwa zimeganda kambani, ngumu kama mbao. Kulović alizisukuma kwa bega akapita, Belma akimfuata kisigino kwa kisigino. Mashine ilikuwa nyuma ya kibanda cha lifti.

Naibu meya alisimama ghafla. Alitazama, kisha akajisogeza pembeni kwa adabu ili Belma naye aone.

Juu ya mlingoti wa mashine palikuwa na kofia nyeupe ya kufumwa kwa mkono, ina maua pembeni na utepe mwekundu wa kuifungia. Chini ya kofia palikuwa na nailoni, imebanwa vizuri kwa mipira, haina hata tundu. Belma aliyajua maua yale. Yalikuwa kwenye vitambaa vya kufumwa juu ya televisheni yao, juu ya friji, juu ya kila kitu kizuri walichokuwa nacho.

Katibu alishika kalamu, akingoja jina.

Nyuma yao, kati ya shuka, mtu alikohoa kwa muda mrefu. Bibi Rusmira alikuja akijishikilia kamba, na viatu vyake vya ndani miguuni. Aliwapita madiwani wote, akafungua utepe taratibu, akaivua mashine kofia yake na nailoni yake, kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Tazama, roho yangu," alisema. "Hakuna hata chembe ya masizi iliyoingia."